Susu Dirishani kwa Mama

Mume wangu aliacha samadari ya msaji, godoro la pamba na feni, akaenda kulala kichochoroni ndani ya kitambaa kilichoning'inia kwa kamba. Watu wa Mji wa Kale wana namna zao za kukihadithia kisa hiki, na wengine wamekitia chumvi mpaka hakiliki. Mimi ndiye niliyekuwa na mume mwenyewe, basi niacheni nami niseme.

Nyumba ilikuwa ya mama. Hapo sitaki mtu akosee. Marehemu baba alimwachia yeye, na mume wangu aliingia kwa mlango wa ndoa, mkononi ana sanduku moja la nguo na saa ya mezani isiyokwenda. Hilo kwetu si aibu. Waume wangapi wamekaa nyumba za wake zao wakafa na heshima zao? Aibu ni kukaa nyumba ya watu halafu ukaanza kuipima vyumba kwa macho.

Tulikuwa watu watatu tu. Mama alikaa chini, chumba cha mbele chenye dirisha la vyuma linalotazama kichochoro. Mimi na bwana tulikaa juu. Mama alikuwa mnene, miguu inamvimba, na ngazi zetu ni za kusimama wima, kwa hivyo tangu zimshinde hakupanda tena. Dirisha lile likawa ndiyo dunia yake. Alijua nani karudi sokoni na samaki wa jana, mtoto gani katoroka chuoni, na nani kanuniana na nani. Ukimtoa dirishani pale ungekuwa umemtoa roho, na hilo kila mtu mtaani alilijua isipokuwa mume wangu.

Miaka ile ya tisini wageni walijaa pwani, na kila mwanamume mwenye viatu vya kung'aa alijiona ana biashara ya utalii. Wangu alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yenyewe ilikuwa safi, mshahara ulikuja, lakini yeye alikuwa mtu wa kutaka makubwa na kuyaanza kwa madogo ya kipuuzi. Alishawahi kufuga njiwa. Alishawahi kutengeneza sabuni. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya mawese, na sabuni haikutoa povu hata kwa mvua.

Basi siku moja ikakwama forodhani pikipiki ya kijana wa Kizungu aliyekuwa akiizunguka Afrika. Mume wangu akamhangaikia mpaka ikatoka, na yule kijana kwa kushukuru akampa mfuko mdogo wa kijani. Laiti angempa soksi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa cha nailoni, chepesi, kirefu kuliko mtu, kina kamba huku na huku. Juu yake kimeshonewa chandarua chenye zipu. Pamoja nacho turubai jembamba la kutandwa juu, liwe paa. Unafunga kamba baina ya miti miwili, unajitumbukiza, unavuta zipu, basi, uko kwako. Mume wangu alikiita kitanda cha kambi. Akanieleza, macho yamemtoka, kwamba Wazungu hulipa pesa nzuri kwenda kulala hivyo msituni.

"Humlipa nani?" nikamuuliza. "Nyani?"

Mama akaomba akione. Akakipapasa kwa vidole, akakivuta, akakirudisha. "Hii ni susu," akasema. "Mamangu alikuwa nayo jikoni. Akitia samaki humo, akitundika juu, paka asimfikie." Tangu hapo jina likawa susu, na mume wangu alilichukia jina hilo mpaka basi.

Siku chache baadaye akanimwagia mpango wake. Atafungua ofisi ya kukodisha susu na vifaa vya kambi kwa watalii. Watalii wako tele, wanapita hapa hapa wakipiga picha milango yetu. Kinachohitajika ni chumba cha chini chenye dirisha la njiani.

"Chumba kipi?" nikauliza, ijapokuwa nyumba ilikuwa na chumba kimoja tu cha namna hiyo.

"Mama angekwenda kwa kakako Kisauni," akasema. "Kule kuna hewa."

Hewa! Sisi tuko hatua chache na bahari, upepo unatung'olea mapazia, yeye anampeleka mama yangu Kisauni akatafute hewa. Nilimtazama kichwani, nikaona nywele zimeanza kumtoka, nikafikiri labda na vilivyokuwa chini yake navyo vimetoka.

Sasa, mwenyewe hakuweza kumwambia mama. Kwetu mkwe hambishii mkwewe. Hawakai mkeka mmoja, hawali sinia moja, na akiwa na haja huipitisha kwa mkewe. Miaka yote ile mume wangu alipita mlangoni kwa mama kichwa chini. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Yamekwisha, anapanda ngazi. Kwa hivyo mimi ndiye niliyetakiwa niende nikamwambie mamangu mzazi afungashe. Nilimwambia bwana ulimi wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Lakini nyumba za boriti hazina siri. Mama alisikia kila neno, na bwana alipokuwa akishuka ngazi kwenda kazini, akapaza sauti yake huko chumbani, akizungumza na mimi niliyekuwa nimesimama mbele yake.

"Mwambie mumeo, nyumba hini niliingia bi harusi. Sitoki ila nimebebwa."

Mume wangu akasusa. Mke akisusa hurudi kwao, wazee wakaja, wakanywa kahawa, yakaisha. Mume anayekaa kwa mkewe akisusa, ataenda wapi? Aliitia susu kwapani akaenda zake Kizingo.

Kisa cha Kizingo nilikipata vipande vipande, maana alinificha kila alichoweza. Alichagua mivinje miwili karibu na mnara wa taa, mahali pazuri pa watu wakubwa. Mtoto wa pwani huyu, babu zake wote watu wa kamba na matanga, akafunga kamba kwa fundo la kiatu. Alipolala, fundo likafunguka, akaanguka kwa mgongo. Akafunga tena. Mvua ikaja. Turubai alilitanda bapa badala ya kuliinamisha upande, likajaa maji katikati, likatota, likamwagika lote juu yake yumo ndani ya zipu. Kelele alizopiga zikamleta bawabu wa nyumba moja kubwa, na bawabu akaja na mbwa. Asubuhi alirudi nyumbani na kiatu kimoja.

"Kambi ilikuwaje?" nikamuuliza.

Akakivua hicho kimoja, akapanda ngazi. Mama alicheka chumbani kwake mpaka akakohoa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye jioni ile ile akatoka na kamba zake, akafunga upande mmoja kwenye vyuma vya dirisha la mama, upande wa pili kwenye kulabu ya ukutani kwa jirani wa mkabala, kulabu ya zamani ya kutundikia taa. Kichochoro ni chembamba, basi akaivuta mshazari, ikaziba njia yote. Akasema ni tangazo la biashara. Mimi nilijua ni nini. Alitaka mji wote uone kwamba katika nyumba ile mume hana pa kulala, ili watu watusute, mimi na mama, mpaka chumba kitoke.

Alichosahau ni kwamba mji wetu una salamu. Huwezi kumpita mtu kama gogo. Na njia ile ndiyo ya msikitini, kwa hivyo ilipofika alfajiri ikaanza. Mimi niko juu dirishani, nasikiliza.

"Sabalkheri, bwana."

"Akheri."

"Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi."

"Na watu wa nyumbani?"

"Wazima."

"Mke hajambo? Mama mkwe hajambo?"

Yote hayo yeye kalala chali, chandarua usoni, zipu imekwama. Akimaliza mmoja, anakuja wa pili. Wazee watu wazima, kofia mkononi, wanainama kupita chini ya makalio ya mume wangu kwenda kumwabudu Mola wao, na kila mmoja akiisha kupita anageuka kuuliza, kwa adabu kabisa, kulikoni. "Napunga hewa," anajibu. Kufikia jua kutoka alikuwa hana sauti.

Bila shaka mji ukaamua kwamba nimemfukuza. Nikienda kwa muuza nyama, "Bwana bado yuko nje?" Nikienda kuteka maji, wanawake wananyamaza. Nilikuwa nachemka, wallahi. Nikaenda dukani nikatafuta leso yenye maneno niliyoyataka, nikaipata: Ukisusa wenzio twala. Nikajifunga. Ijumaa nikapika pilau ya kuku, nikatoka na sahani, nikasimama barazani mbele yake nikala mpaka mfupa wa mwisho. Aligeuza uso upande wa dirisha.

Na hapo ndipo mama aliponisaliti.

Niliteremka asubuhi moja nikamkuta kaketi kitandani kwake, mkono umepita katikati ya vyuma, anampa mume wangu kikombe cha chai. Mahamri alishapewa, mbaazi za nazi alishapewa. Chai ya mama ilikuwa sherbeti, kijiko kikisimama ndani kwa sukari, na mume wangu aliipenda hivyo kwa sababu hata ulimi wake ulikuwa wa kitoto.

"Mama! Si huyu ndiye anayetaka kukutoa chumbani?"

"Najua," akasema. "Lakini ana njaa."

Nikaona maajabu mengine. Wakawa wanazungumza. Miaka yote ndani ya nyumba hawakuwahi kupeana maneno zaidi ya shikamoo na marahaba. Sasa yeye si ndani wala si nje, hawakukaa mkeka mmoja, ukuta uko baina yao, vyuma viko baina yao, ada haikuvunjwa. Kichwa chake kililala karibu kabisa na mto wa mama. Mama akamsimulia baba alivyokuwa akimletea halua akidhani hajui ni ya kuomba radhi. Yeye akamsimulia yule kijana wa pikipiki na jangwa alilolipita. Nikawa juu na samadari yangu nikiwasikia wanacheka, na mimi hakuna aliyekuwa akinichekesha. Mtu mzima kama yule, hana haya, anakula cha mama aliyetaka kumhamisha!

Kila siku nilimuuliza mama, "Amekwambia habari ya ofisi?" Kila siku alijibu hapana. Nami sikuamini. Nyuma ya ngazi nilishakiona kibao cha ofisi alichochorewa: minazi miwili, susu katikati, na ndani mtu kalala, mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Kilikuwa kimegeuzwa kinatazama ukuta. Nikajua anangoja tu. Anamlainisha mama kwa maneno, mama amkabidhi chumba mwenyewe kwa mkono wake.

Mvua za mwaka zikaanza. Nikafikiri sasa ataingia. Mlango sikuutia komeo, si kwa huruma, ni kwamba mtu akifa kichochoroni mke ndiye huulizwa. Hakuingia, na mwisho nikalirudisha komeo. Turubai alikuwa amejifunza kuliinamisha, fundo alikuwa amejifunza kulifunga, akalala humo maji yakimpita chini. Nikasema, lo, ukaidi huu ungetiwa kwenye kazi angekuwa bwana mkubwa wa bandari.

Asubuhi ile kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Feni inazunguka, mimi nimelala. Nilichosikia ni mlango wa chini unapigwa mateke na mume wangu anapiga kelele kama kamshika mwizi. Nikateremka nikiwa na matusi tayari kinywani. Akanipita, akaingia chumbani kwa mama bila ya hodi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake.

Mama alikuwa kaegemea mto, jasho linamtiririka, midomo imegeuka rangi. Pumzi inakuja, inakatika. Macho yako wazi na yananijua.

Gari haliingii kwetu. Jirani wa mkabala akamtuma mtu mbio Ndia Kuu akatafute teksi, sisi tukajaribu kumtoa mama kwa kiti. Mama mnene, hana nguvu, akateleza, tukamrudisha. Tukajaribu tena, akateleza tena. Nilianza kulia. Mume wangu akatoka nje, nikadhani kakimbia, maana ndivyo nilivyomhesabu. Akarudi na susu begani. Yeye na jirani wakapitisha juu yake boriti ya fundi aliyekuwa akijenga nyumba ya pili, mume wangu akazifunga kamba, akazivuta, akazikagua tena, wakamlaza mama ndani. Yeye akaingia mbele, jirani nyuma, wakanyanyua.

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Kwetu ukiona mtu amebebwa mabegani huulizi, unatia bega. Wale wazee walioinama chini ya susu kila alfajiri, leo wakaingia chini ya boriti mmoja baada ya mwengine, huyu akichoka anashika mwenziwe. Mume wangu peke yake hakutaka kupokewa. Kwenye kona ile mbaya ya kisima, ambapo kiti kisingepinda wala kitanda kisingepita, susu ilipinda.

Mama akafungua macho, akautazama mji wake unavyompita juu.

"Si niliwaambia?" akasema. "Nimebebwa."

Mume wangu akaanza kulia mbele za watu, kamasi mpaka mdomoni.

"Usilie, mwanangu," mama akamwambia. "Angalia fundo lako."

Hakurudi tena nyumbani ila kuja kuoshwa.

Watu wakaja, wakasoma, wakala, wakaenda zao. Ilipokwisha hitima nikakitoa kile kibao nyuma ya ngazi, nikakifuta vumbi, nikakiweka juu ya kitanda cha mama. Nikamwita bwana.

"Haya. Chumba ni kitupu. Fungua ofisi."

Akakitazama kibao. Akakichukua, akakirudisha kilipokuwa, uso ukutani. Jioni nikasikia vyuma vya dirisha vinalia. Alikuwa anafunga susu.

Hapo nilikasirika kupita siku zote. Nikaingia chumbani kwa mama, nikasukuma mbao za dirisha ili nimpe yake yote, tangu njiwa mpaka sabuni. Alikuwa kalala ubavu, uso kwenye vyuma, vile vile alivyokuwa akilala.

"Unasusa nini sasa?" nikamwambia. "Nani kabakia wa kukunyima chumba?"

"Sikususa," akasema. "Nilisusa siku za mwanzo."

"Na hizo nyengine?"

"Alikuwa akikatika pumzi usiku. Inakwenda, inakatika, halafu inarudi. Juu haisikiki. Nilikuwa namsikiliza."

Nikashika vyuma. "Ulijua? Ulijua mama mgonjwa, ukanyamaza?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utamtoa hapa. Utampeleka hospitali, au kwa kakako. Akasema, wewe si ulitaka nitoke? Basi nilipe kwa kuniacha nikae."

Mjinga yule! Mjinga wa kutupwa! Angaliniambia ningalimpeleka kwa daktari mapema, pengine angekuwa hai. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Alisema tu kwamba yeye pia amelifikiria hilo, na kwamba kila alipotaka kusema alimwona kakaa pale dirishani anacheka.

Nikafunga dirisha. Nikalala kitandani kwa mama nikiwa na buibui langu. Sikulala. Kwa nje nilisikia pumzi za mume wangu, karibu hivyo, kama angekuwa chumbani, na ndipo nilipojua mama alikuwa akisikia nini naye.

Adhana ilipolia niliamka nikateleka chai. Nikafungua dirisha, nikampitishia kikombe katikati ya vyuma, bila ya sabalkheri. Sikutia sukari hata punje.

Akainywa yote, akanirudishia kikombe.